Kipaumbele ni kimoja kwa wakati mmoja: mtindo wa ajaili na maboma ya Ufipa

Neno kipaumbele limejengwa kwa maneno mawili, kupa na umbele. Ni kile kinachopewa nafasi ya mbele. Lakini mipango mingi ya vijiji na kata huwa na vipaumbele kumi au kumi na tano, na ukiuliza kipi kianze, jibu la kawaida ni kwamba vyote ni muhimu. Huenda ni kweli. Tatizo ni kwamba fundi ni yuleyule, lori ni lilelile, na fedha zilizopo hazifiki hata nusu ya orodha.

Makala haya yanaeleza namna ya kupanga kazi inayojulikana duniani kwa jina la ajaili. Ilianzia kwa watengenezaji wa programu za kompyuta, lakini kiini chake ni kanuni za kuamua: kazi ipi ianze, ipi isubiri, na nani mwenye kauli ya mwisho. Kwa msomaji wa Rukwa tutazieleza kanuni hizo kupitia jambo analolijua vizuri, yaani boma: jengo la darasa, zahanati au nyumba ya mwalimu lililoinuliwa kwa nguvu za wananchi mpaka usawa wa lenta, kisha likabaki bila paa kwa miaka.

Ajaili ilitoka wapi

Mwezi Februari 2001, wataalamu 17 wa programu za kompyuta walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, wakaandika tamko fupi na kanuni 12. Walikuwa wamechoshwa na miradi iliyopangwa kwa makaratasi mengi mwanzoni, ikajengwa kwa miaka miwili au mitatu, na siku ya kukabidhiwa mteja akasema kwamba mahitaji yake yamekwisha kubadilika. Walipendekeza kazi igawanywe katika vipande vidogo, kila kipande kikamilike na kitumike, mteja akione, kisha mpango upangwe upya kwa kuzingatia kilichoonekana.

Mawazo hayo hayakuwa mapya yote. Kiwanda cha magari cha Toyota nchini Japani, chini ya mhandisi Taiichi Ohno, kilikuwa kimetumia kwa miongo kadhaa mfumo wa kadi uitwao kanbani kuhakikisha hakuna idara inayozalisha vipuri kuliko vinavyohitajika mbele yake. Utaratibu mwingine, skramu, uliwasilishwa hadharani mwaka 1995 na Ken Schwaber na Jeff Sutherland. Ndani ya skramu kazi hufanywa kwa vipindi vifupi visivyozidi mwezi mmoja.

Kati ya kanuni zile 12, moja hupitwa haraka na wengi. Inasema, kwa maneno yetu, kwamba ni ustadi kuongeza kiasi cha kazi ambayo haifanywi. Si uvivu unaosifiwa hapo. Kila kazi iliyoanzishwa bila ulazima hula muda wa kazi iliyokuwa ya lazima.

Orodha ya matamanio

Tanzania ina utaratibu wake wa kupanga kuanzia chini. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali za mitaa zimetumia mfumo wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, maarufu kwa kifupi O&OD. Wananchi hukutana, hutaja rasilimali walizonazo na vikwazo vinavyowakabili, na mpango wa kijiji huandikwa kutokana na mazungumzo hayo. Mpango hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni mkutano wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, kisha hupelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata na hatimaye halmashauri.

Wazo ni zuri na limewapa watu sauti. Udhaifu uliojitokeza ni kwamba mipango mingi iligeuka orodha ya matamanio: shule, zahanati, maji, barabara, umeme, josho, soko, vyote kwa pamoja, kwa gharama ambazo halmashauri haikuwa na uwezo wa kuzibeba. Ndiyo sababu ikaja O&OD Iliyoboreshwa, iliyoandaliwa kwa ushirikiano na shirika la Japani la JICA. Ndani yake jamii huchagua jambo inaloweza kulianzisha kwa nguvu zake, na halmashauri huja kuunga mkono kilichokwisha kuanza.

Ngazi ya taifa nako jambo hilo lilijaribiwa. Mwaka 2013 Serikali ilizindua mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, uliochukua mfano wa Malaysia na kuchagua maeneo sita tu ya kwanza: kilimo, elimu, nishati, maji, uchukuzi na ukusanyaji wa mapato. Baadaye yakaongezwa afya na mazingira ya biashara. Ni vigumu kumlaumu aliyeongeza afya. Lakini hivyo ndivyo orodha fupi inavyorefuka, na kila kinachoingia huwa na sababu nzuri.

Kwa mtindo wa ajaili, orodha ndefu si kosa. Kila mradi una orodha ya kazi zinazosubiri, na inaweza kuwa na mamia ya mambo. Sharti ni kwamba ipangwe kwa mstari mmoja, namba moja, mbili, tatu hadi mwisho, bila namba moja kuwa mbili. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu kuandika jambo kwenye orodha hakumuudhi mtu, lakini kuliweka la saba kunamuudhi.

Njia moja ya kulainisha ugumu huo ilibuniwa mwaka 1994 na Dai Clegg, aliyekuwa Oracle nchini Uingereza. Kazi hugawanywa katika mafungu manne: ya lazima, yanayofaa kuwepo, yanayoweza kuwepo nafasi ikipatikana, na ambayo hayatafanywa awamu hii. Wanaotumia njia hiyo hushauriwa kwamba mambo ya lazima yasizidi asilimia 60 ya nguvu kazi yote, ili pakitokea la kutokea pawe na pa kupunguza. Fungu la nne ndilo lenye thamani kubwa, kwani kusema wazi "hili si la mwaka huu" humwezesha mwananchi kupanga maisha yake, wakati ahadi isiyo na tarehe humwacha akisubiri.

Maboma matatu na paa la nne

Tuchukue kijiji cha kufikirika kwenye uwanda wa juu, mahali fulani kati ya Laela na Sumbawanga mjini. Kina vitongoji vitatu, na kila kitongoji kina boma la darasa lililofika lenta. Kijiji kina kundi moja la mafundi. Kumalizia boma moja, yaani kenchi, bati, plasta, sakafu, milango na madirisha, kunachukua miezi miwili. Kazi inaanza tarehe 1 Juni, baada ya mavuno.

Wakimaliza boma moja kwanza ndipo waende la pili, darasa la kwanza litapokea watoto mwishoni mwa Julai, la pili mwishoni mwa Septemba, na la tatu mwishoni mwa Novemba. Wakiamua kugawana sawasawa ili kitongoji chochote kisinung'unike, mafundi wakizunguka huku na huku kila wiki, basi mwishoni mwa Oktoba yote matatu yatakuwa yamefika mbali, na hakuna hata moja linalotumika. Ufipa ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Tofali zilizojengewa kwa udongo hazivumilii miezi sita ya mvua bila paa. Anayejua maboma anajua pia kuta zilizolala chini mwezi Machi.

Mgawanyo ule ulionekana wa haki. Kila kitongoji kilipata kitu: huku kenchi, kule mbao, kwingine mifuko ya saruji. Kilichokosekana ni darasa.

Kuna kanuni ya hesabu inayoeleza jambo hili, iliyothibitishwa na John Little wa Marekani mwaka 1961. Kwa lugha nyepesi: wastani wa muda ambao kazi hukaa mpaka ikamilike ni idadi ya kazi zilizofunguliwa, ukigawanya kwa idadi ya kazi zinazokamilika kwa mwaka. Halmashauri yenye maboma 60 na uwezo wa kumalizia 12 kwa mwaka itachukua wastani wa miaka mitano kwa kila boma. Ikifungua mengine 24 bila kuongeza uwezo, wastani unapanda hadi miaka saba. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza msingi ulipochimbwa atakuwa amemaliza shule ya msingi paa linapowekwa. Ndiyo maana wafuasi wa kanbani huweka kikomo: kazi zilizo wazi zisizidi idadi fulani, na mpya haifunguliwi mpaka mojawapo imalizwe.

Fedha nazo zinasema hivyohivyo. Mwaka 2021 Serikali ilijenga vyumba vipya vya madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa zilizohusu mapambano dhidi ya UVIKO-19, kwa Sh milioni 20 kila chumba. Mwaka huohuo, fedha za tozo za miamala ya simu zilipelekwa kumalizia maboma ya madarasa kwa Sh milioni 12.5 kila moja. Kwa Sh milioni 100, basi, unapata vyumba vitano vipya au unamalizia vinane ambavyo wananchi wamekwisha kuvitolea jasho. Hii haimaanishi kwamba vyumba vipya vilikuwa makosa, kwani shule nyingine hazikuwa na boma la kumalizia. Lakini panapokuwa na boma zima lililosimama imara, aliyependekeza kuchimba msingi mwingine ndiye anayepaswa kueleza sababu.

Lipi litangulie

Kazi zikiwa za aina moja, kama maboma yale matatu, kuchagua ni rahisi. Ugumu huja zinapokuwa tofauti. Tubadilishe mfano. Kijiji kilekile kina kazi tatu: kumalizia zahanati kwa miezi miwili, kujenga darasa kwa miezi mitatu, na kuweka kalavati kwenye barabara ya kuingia kijijini kwa wiki tatu. Mkutano ukiulizwa kipi ni muhimu zaidi, huenda ukajibu zahanati, darasa, halafu kalavati. Mpangilio huo unaeleweka, na ukifuatwa, kalavati litamalizika karibu na tarehe 22 Novemba, mto ukiwa umekwisha kujaa.

Mtindo wa ajaili hauanzi na umuhimu. Swali lake ni hili: kikichelewa, tunapoteza nini, na tunaanza kupoteza lini? Donald Reinertsen, mwandishi wa Marekani aliyeshughulikia sana jambo hili, huiita gharama ya kuchelewa. Zahanati inapoteza kila siku, kwa sababu mama mjamzito hasubiri msimu. Kalavati halipotezi chochote Juni wala Julai, kwa kuwa malori ya mahindi yanapita mtoni pakavu; mvua zikianza, hasara inaruka ghafla, kwani hata mgonjwa wa rufaa hawezi kuvushwa. Darasa linahitajika Januari shule zinapofunguliwa, ila kuta zake zinahitaji paa kabla ya Novemba.

Ukiziangalia hivyo, mpangilio unabadilika. Zahanati itangulie na imalizike mwisho wa Julai. Kalavati lifuate, kwa sababu ni fupi: wiki tatu za Agosti, na hatari nzima ya masika imeondoka. Darasa lije mwisho, liezekwe Oktoba, na plasta imaliziwe chini ya paa hata kama mvua imeanza. Kalavati limeruka juu ya darasa bila mtu yeyote kusema kwamba barabara ni muhimu kuliko elimu. Kazi fupi yenye hasara kubwa mbele yake mara nyingi hustahili kupita kazi ndefu.

Hesabu hizi zisichukuliwe kama mizani ya dhahabu. Hakuna anayeweza kupima kwa shilingi uchungu wa mwanamke anayebebwa kwa pikipiki kuteremka Lyamba lya Mfipa au kupanda kutoka bonde la Ziwa Rukwa. Faida ya kuuliza swali la kuchelewa ni kwamba mjadala unahama kutoka kwa nani anapaza sauti zaidi na kwenda kwenye kalenda, jambo ambalo kila mtu ukumbini analijua.

Neno "imekwisha"

Taarifa za miradi hupenda asilimia. Jengo limefikia asilimia 80. Asilimia 80 ya darasa haifundishi mtoto. Katika ajaili kuna makubaliano yanayoandikwa kabla ya kazi kuanza kuhusu maana ya neno "imekwisha". Kwa zahanati, makubaliano hayo hayawezi kuishia kwenye rangi ya ukutani. Lazima yataje choo, maji, kichomea taka, nyumba au chumba cha mganga, dawa za kuanzia na mtumishi aliyepangiwa kituo. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikitaja mara kwa mara miradi ya halmashauri iliyotelekezwa, na mingine iliyokamilika kwa maandishi lakini haitumiki. Mingi ya aina hii ya pili ilikosa kitu kimoja au viwili ambavyo havikuwa kazi ya mtu yeyote kuvitaja mwanzoni.

Kipande kidogo kinachotumika ni bora kuliko kikubwa kisichotumika. Zahanati inaweza kuanza na vyumba vitatu vya huduma vilivyo kamili, wodi ikasubiri awamu nyingine. Hiyo ndiyo maana halisi ya kugawa kazi vipande. Kujenga msingi wa majengo yote mwaka huu na kuta zote mwaka ujao si ajaili hata kidogo.

La kuamua leo na la kuacha wazi

Si kila uamuzi unastahili haraka. Watetezi wa ajaili hushauri uamuzi uahirishwe mpaka ule wakati ambao kuuahirisha zaidi kungefunga njia, kwa sababu kadiri unavyosubiri ndivyo unavyojua zaidi. Wafipa wanalo jambo hili katika kilimo chao cha asili cha matuta ya duara, yaitwayo ntumba. Matuta hufanywa mvua zikiwa bado zinanyesha, nyasi zikiwa mbichi. Hufunikwa kwa udongo zikaoza ndani, na msimu unaofuata matuta hubomolewa na kusambazwa ili kupandwa ulezi. Uamuzi wa shamba lipi lifanyiwe ntumba hauahirishwi, kwa sababu udongo ukikauka jembe haliingii na nyasi hazigeuki mbolea. Lakini mbegu gani ya ulezi itapandwa ni uamuzi wa miezi kadhaa mbele, na hakuna haja ya kugombana leo.

Katika ujenzi, msingi na ramani ni maamuzi yasiyorudi nyuma. Mahali pa kuweka zahanati, kina cha msingi na uimara wa udongo vinahitaji mhandisi wa halmashauri, na hapo mwendo wa kujaribu na kurekebisha haufai. Programu ya kompyuta inaweza kuandikwa upya wiki ijayo. Nguzo ya zege haiwezi. Rangi, mpangilio wa madawati, hata chumba kipi kianze kutumika, vinaweza kuamuliwa baadaye na watumiaji wenyewe. Vikao vingi hufanya kinyume, vikibishana rangi kwa saa mbili na kupitisha kiwanja kwa dakika tano.

Nani anashika kalamu

Skramu inasisitiza kwamba orodha iwe na mwenyewe mmoja, mtu na si kamati. Anasikiliza wote, lakini yeye ndiye anayepanga mstari na kuueleza. Kwa serikali ya kijiji hilo halichukuliki kama lilivyo, kwa sababu mamlaka ya kupitisha mpango ni ya mkutano mkuu, na halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, ndiyo inayousimamia. Kinachowezekana ni kutenganisha mambo mawili. Mkutano uamue mpangilio. Mtu mmoja, kwa kawaida mtendaji wa kijiji, ashike orodha iliyoamuliwa, aibandike ubaoni ofisini, na asiruhusu namba kubadilika kwa maneno ya pembeni, yawe ya diwani, ya mfadhili au ya mzaliwa wa kijiji anayeishi Dar es Salaam na ametuma bati.

Mfadhili wa namna hiyo ni mtihani halisi. Amekuja na fedha za ofisi ya kijiji, wakati orodha inasema zahanati. Kukataa msaada ni vigumu, na pengine si busara. Lakini ofisi hiyo itahitaji mafundi walewale, maji yaleyale ya kuchanganyia zege na siku zilezile za nguvu za wananchi. Jibu la haki ni kumwonyesha ubao na kumuuliza kama fedha zake zinaweza kuhamia namba moja, au kama yuko tayari kusubiri zamu.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Huo ni mzunguko unaofaa kabisa kwa kazi ya aina hii: taarifa ya kilichokwisha, kutembelea jengo lenyewe badala ya kusomewa asilimia, kisha kupanga miezi mitatu inayofuata. Mwaka wa fedha wa Serikali nao unafungwa tarehe 30 Juni, hivyo kijiji kinachojua kazi yake ya kwanza ni ipi huwa na makadirio mkononi halmashauri inapouliza.

Dharura zitakuja. Kipindupindu kikizuka bondeni, au upepo ukiezua shule, orodha lazima ivunjwe, na ajaili haikatazi. Inadai jambo moja tu: kinachoingia kimtoe kingine, na jina la kilichotolewa lisomwe mkutanoni pamoja na tarehe kitakaporudi.